Niletee Wazima Tu

Nimechoka, na sioni haya kusema. Miezi minane nimeinamia hadubini kwenye chumba cha kupanga Kariakoo, chini spika za maduka zinanadi mashuka, juu mimi napasua nyungunyungu.

Watu hudhani nyungunyungu ni nyungunyungu tu. Hawa wa kienyeji wako wa aina nyingi, na kwa nje wanafanana mno. Ili umjue huyu ni nani, umpasue mgongoni, uhesabu pingili, uone korodani ziko wapi na vifuko vya kutunzia mbegu ni vingapi. Mmoja wa bonde la Jangwani alikuwa na vifuko ambavyo sijavisoma popote. Lakini mmoja hatoshi kutangaza aina mpya. Nilihitaji wenzake.

Nikamwomba mzee anayechimba chambo bondeni kwa ajili ya wavuvi wa Kivukoni. Nilimwambia, "Niletee wazima tu." Kila wiki akaleta kopo, na kila wiki nikapasua nikaambulia patupu: wote wachanga, viungo vya uzazi havijaumbika. Nilianza kuyatilia shaka macho yangu. Kuna siku nilimtukana mnyoo, peke yangu chumbani.

Mwishowe nikamfuata bondeni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja mwenyewe?"

Nikachuchumaa pembeni yake. Jembe likafukua mmoja mnene, mwenye mkanda uliovimba karibu na kichwa. Mkanda huo ndio alama kwamba amepevuka. Kabla sijanyoosha mkono, mzee alishamtupa mtoni.

"Mbona unamtupa?"

"Huyo ana jipu. Hao nawatupa wote. Ulisema nikuletee wazima, mimi nikuletee wagonjwa?"

Mimi nilimaanisha watu wazima, yeye akasikia wenye afya, na Kiswahili kilimruhusu. Nilijichukia pale pale. Tulichimba mpaka adhuhuri, hatukupata mwingine mwenye mkanda.

Wiki iliyofuata malori yalimwaga kifusi pale pale tulipochimba.

Mzee amehamia upande wa pili wa mto. Bado ananiletea kopo, na siku hizi anachagua wenye mikanda kwa uangalifu, hata anawaosha. Nawapasua mmoja mmoja, nahesabu vifuko. Wote ni wale wanaojulikana.