Vichwa Viwili vya Alizeti kutoka Kinampanda

Honi ya basi linaloita abiria hailii mara moja. Hulia mbili fupi, halafu moja ndefu inayoburuzika, na hata sasa nikiikumbuka vidole vyangu vinajikunja kutafuta ukingo wa beseni. Nimekua na sauti hiyo hapa Manyoni. Tangu nimalize darasa la saba nauza mayai ya kuchemsha na karanga kwenye madirisha ya mabasi, na mbio zangu zinajulikana stendi nzima. Ukichelewa hatua tatu tu, abiria ameshanunua kwa mwenzako na anatafuna huku anakuangalia.

Lakini mimi nina ndoto. Nataka kulima alizeti, nikamue mafuta yangu mwenyewe, niyatie kwenye chupa zenye picha yangu nikicheka. Nilipomwambia baba, alianza kucheka yeye kabla ya picha. Alipotulia akasema kipo kipande cha shamba la marehemu babu huko kwao Kinampanda, Iramba, na msimamizi wake ni dada yake, Shangazi Elihuruma.

"Ila hatakupa kwa sababu tu wewe ni binti yangu," akasema. "Atakupa akiona wewe ni mtu wa kule."

"Mtu wa kule yukoje?"

Baba akakuna kichwa. "Nenda tu. Na usikimbiekimbie."

Saa kumi na mbili asubuhi nikapanda basi la Singida. Tulipofika Ikungi, kwa mara ya kwanza maishani nikawa upande wa ndani wa dirisha. Binti mmoja akaja na karanga, beseni kifuani. Roho ikaniuma.

"Inua juu zaidi, mdogo wangu! Abiria wa huku hawaoni kitu."

"Dada, unanunua au unafundisha?" akanijibu, akahamia dirisha la nyuma.

Saa sita mchana nikabadili basi pale Singida mjini. Saa tisa nikashuka Ulemo, nikapanda bodaboda hadi Kinampanda, upepo wa Juni ukinichapa hadi machozi. Shangazi nilimkuta uani anapepeta mtama. Nikasema yote kwa pumzi moja: "Shikamoo shangazi habari za hapa mimi mtoto wa kaka yako wa Manyoni nimekuja kuhusu shamba."

"Marahaba," akasema, akaendelea kupepeta. Alipomaliza ungo mzima akaniangalia. "Nani anakukimbiza?"

"Hakuna, shangazi."

"Basi toka nje ya ua, uingie tena."

Nikadhani utani. Haukuwa utani. Nikatoka, nikaingia tena, nikainama. Akaniuliza habari za baba, za mama, za wadogo zangu, za mbuzi. Nikamwambia hatuna mbuzi. Akauliza habari za mbuzi wa majirani. Jua lilikuwa linazama mazungumzo yalipofika kwenye shamba, naye akasema, "Hilo tutaliongea. Kesho tunapura kwa Bibi Mwajuma."

Asubuhi ya pili nikaelewa kule wanavyopura. Leo mnakwenda kwa huyu, kesho kwa yule. Vichwa vya alizeti vilivyokauka vinamwagwa kwenye turubai, wanawake wanakaa mistari miwili wakitazamana, kila mmoja na fimbo yake na rundo lake, na fimbo zinashuka pamoja kwa wimbo wa Kinyiramba. Wimbo ule nilijifunza bila kujua unasema nini. Mwenye nyumba, Bibi Mwajuma, alikaa katikati, mgongo umepinda kama mpini wa kikapu, naye anapura polepole.

Mimi nikapura kwa kasi ya stendi. Wimbo ukiwa ubeti wa tatu, nilikuwa nimemaliza rundo langu, nimekaa, najifuta jasho, nasubiri sifa.

Wimbo ukakatika.

"Mgeni ana njaa," akasema mama mmoja. "Mleteeni ugali wake, asituangukie hapa."

Wakacheka. Shangazi akaangalia chini. Bibi Mwajuma ndiye aliyeniambia, tena bila ukali: "Mjukuu wangu, mikono yangu ndiyo hii. Wewe ukimaliza, mimi nitapura na nani?"

Hapo ndipo nikaona. Wote walikuwa na nguvu za kumpita bibi yule, na wote walikuwa wanamsubiri. Wimbo wenyewe ulikuwa unakwenda kwa mwendo wa mikono yake.

Nikaona aibu, nikajisogeza karibu na rundo lake nimsaidie. Na labda mambo yangekaa sawa, kama lisingepita basi la Kiomboi. Mbili fupi, moja ndefu.

Yaliyofuata mwili ulifanya wenyewe. Nilinyakua ungo uliokuwa kando ya bibi, umejaa mbegu zilizopepetwa, nikakimbilia nao barabarani nikipiga kelele: "Alizeti! Alizeti za motoooo!" Basi lilikuwa limesimama kushusha mtu. Baba mmoja mwenye kofia ya sufu akatoa kichwa dirishani, akauliza bei. Mdomo wangu ukamtajia bei. Akafungua mfuko, nikamimina, akanipa noti, basi likaondoka. Nikabaki barabarani na ungo mtupu, vumbi linanipanda.

Niliporudi hakuna aliyecheka.

"Unajua umeuza nini?" akauliza shangazi. "Hiyo ni mbegu ya mwakani. Bibi kaichagua kwa mkono, moja moja."

Machozi yakanitoka palepale, shamba langu nikaliona linaondoka na lile basi. Nikampa Bibi Mwajuma noti kwa mikono miwili. Akaigeuza, akaigeuza tena.

"Miaka yote mnunuzi anakuja hapa ananipangia bei," akasema. "Leo mtu kapangiwa, tena mimi nimekaa kitako." Akaanza kucheka mpaka kilemba kikamwanguka, na wengine wakafuata, mmoja akagaagaa kwenye turubai. Kisha bibi akanisukumia rundo. "Haya, nichagulie nyingine. Nzito nzito."

Nikachagua hadi jioni. Sikuomba msaada, lakini baada ya chakula wakaja, mmoja mmoja, wakakaa pembeni yangu wakichagua nami. "Hebu tuonyeshe, kule mnaitaje abiria?" Nikawaonyesha. Basi ua mzima ukawa "Mayaiii! Karangaaa!", hata shangazi alijaribu, na sauti yake ndiyo iliyotisha kuku.

Siku tatu nilipura nao. Kila siku nilijizuia, na kila siku honi ilinikuta nimesimama wima, fimbo mkononi, wenzangu wakinishika sketi: "Kaa, muuza mayai, kaa!"

Asubuhi ya kuondoka nikamuuliza shangazi kuhusu shamba, safari hii baada ya kuuliza habari za mbuzi wote.

"Shamba lipo," akasema. "Lakini hulimi peke yako huku. Hao ndio watakaokupalilia na kukupuria. Mtu anayenyanyuka kwa kila honi atakaa nao vipi mstarini?" Akanipa vichwa viwili vya alizeti vilivyokauka. "Cha kwanza ni cha kushindwa. Cha pili ukipure mpaka wimbo uishe, honi ilie isilie. Niletee mbegu zake kabla ya mvua, nikuonyeshe mpaka wa shamba lako."

"Sasa shangazi, utajuaje kama sikudanganya?"

"Sitajua," akasema, akaingia ndani kukoroga mlenda wake.

Saa saba mchana tulisimama tena Ikungi. Yule binti alikuwepo. Beseni lilikuwa juu ya kichwa. Nikanunua karanga, hakunikumbuka.

Njia nzima niliwaza. Nilijua mbio nimezaliwa nazo, kama pua yangu. Kumbe ni stendi iliyonifundisha kukimbia, na ule mstari umewafundisha wale kusubiri. Sasa mimi nataka kukaa kote kuwili, na miguu ninayo hii hii.

Cha kwanza nilikipura kesho yake nyuma ya nyumba yetu, hatua chache kutoka stendi. Honi ikalia, nikajikuta getini. Niliporudi, jogoo alikuwa anamalizia mbegu.

Juzi alasiri mama alikwenda sokoni, baba kalala. Nikatandika gunia, nikaweka kichwa cha pili, nikaanza wimbo kwa sauti ndogo. Ubeti wa pili, honi: mbili fupi, moja ndefu. Magoti yakanyanyuka. Nikayakalia. Nikawasikia wenzangu wakiita mayai, nikasikia basi linatia gia na kuondoka, nami napura kwa mikono ya Bibi Mwajuma, mpaka neno la mwisho. Kisha nikakusanya mbegu, nikazifunga kwenye pindo la khanga, mafundo mawili.