Baiskeli Kati Yangu na Mama Mkwe

Mke wangu aliteguka mguu kwenye mteremko baada ya Butiama, siku ya mwisho ya safari yetu ya baiskeli. Tulikuwa tumeanzia Bunda, tukapitia Nyamuswa, na kila tulipopita watu walitupa pole. Mke na mume, watu wazima, wamefunga mizigo kwenye keria huku mabasi yanawapita: kwa akili za kwetu hapo pana msiba, au mtu kafukuzwa kazi. Mama mmoja wa Nyamuswa alitusimamisha akatuombea kabisa, macho kafumba. Mimi nilinuna, mke wangu akacheka mpaka akashindwa kukanyaga pedali. Baada ya kuteguka, mke wangu aliingia Musoma amepakiwa kwenye bodaboda, mguu umevimba, nami nikaja nyuma peke yangu na hasira zangu.

Tulikuwa tumepanga kufunga likizo kwa kuutembea mji wa zamani, kama watalii. Tunaishi Bweri, pembeni ya Musoma, miaka yote, lakini mjini tunakwenda kununua vitu na kurudi. Na safari hii tulikuwa na mgeni. Mama yake mke wangu alikuwa ametoka Mugeta kuja hospitali kwa ajili ya macho. Presha ya macho ilikwisha kula jicho moja, na la pili lilikuwa limebaki na kijitundu cha kuonea. Daktari alimwambia wazi kwamba dawa itachelewesha tu, na kilichokwenda hakirudi. Mama hakulia. Aliomba jambo moja, kwamba kabla hajapanda basi la mchana kurudi kwake, auone mji na ziwa.

Sasa kwetu mkwe na mama mkwe hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia porini mpaka mwenzake apite. Mchungaji wetu amelihubiri sana jambo hilo, tunaitika amina, na tukitoka nje ya kanisa tunaendelea kukwepana. Tangu nioe, mpaka tukapata mtoto, nilimjua mama huyu kwa sauti, kwa kanga zake na kwa miguu yake. Hata safari hii alilala kwa jirani, na asubuhi jirani akaenda sokoni kwenye biashara yake.

"Utampeleka wewe," mke wangu akasema, mguu wake kwenye beseni la maji ya chumvi.

"Mimi? Nitamshikaje?"

"Si una baiskeli? Wewe shika usukani, yeye ashike keria. Tazama mbele tu, basi."

Nilitaka kubisha, lakini nilipofikiria kile kijitundu cha jicho nikatoa baiskeli nje. Tukashuka mjini hivyo, mimi nikisukuma baiskeli bila kugeuka, mama mkwe nyuma ameshikilia keria. Watu walitupisha. Kila mtu wa Mara akituona alielewa mara moja sisi ni nani kwa nani, na wengine walicheka wakiwa wameziba midomo.

Tukaanza na mtaa wa maduka ya zamani ya Wahindi.

"Mkwe, juu ya ule mlango ni ndege wale, au macho yangu yananidanganya?"

Nikainua kichwa. Katika duka hilo nimenunua misumari tangu kijana, na sijawahi kutazama juu ya mlango. Walikuwepo ndege wawili, wamechongwa kwenye ukuta, wamepakwa rangi juu ya rangi mpaka midomo imekuwa butu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilisimama pale mdomo wazi, mwenye duka akadhani ninakagua bei.

Kwenye jengo la zamani la Wajerumani mama aliomba tusogee ukutani. Aliachia keria, akaweka kiganja kwenye jiwe, akatembea akiyapapasa mawe moja baada ya jingine.

"Nilisikiaga tu kwa bibi," akasema. "Alisemaga wanaume walichukuliwa huko kwetu kuja kubeba mawe, na wengine hawakuonekana tena. Mimi nikajuaga ni hadithi ya kutulaza."

Mikono ya watu ilikuwa imepita juu ya mawe yale, labda ya watu wake, na mimi nilikuwa nikipita pale na pikipiki nikiwaza chakula cha mchana.

Tulimalizia kwenye miamba ya ziwani. Hapo baiskeli ikagoma, maana mwamba haupandiki kwa magurudumu. Chini kulikuwa na akina mama wanafua, nikaanza kutafuta wa kumwomba amsaidie kupanda.

"Unamtafuta nani?" mama akauliza. "Basi litaniacha. Lete mkono."

Nikarudisha mkono nyuma bila kugeuka. Aliushika. Kiganja chake kilikuwa kigumu cha jembe, na kilinibana sana. Tukapanda polepole mpaka juu, na ziwa likafunguka lote mbele yetu, halina ng'ambo, na ndege weusi wameanika mabawa kwenye mawe.

Kwa kijitundu kile hakuweza kuliona lote kwa mara moja. Alilichukua vipande vipande, akigeuza kichwa taratibu kutoka bandarini mpaka mwisho wa maji, kisha akarudia. Nami nikafuata anapotazama. Nimezaliwa kando ya ziwa hili, nimeoga humo, nimekula sato wake, na siku ile nililiogopa kwa ukubwa wake, nikamshukuru Mungu kwa sauti.

"Haya," akasema. "Ziwa nimeliona. Sasa geuka."

"Mama, mwiko."

"Mwiko ni wa wenye macho. Mimi nikisubiri, nitakufa sijamjua mwanaume aliyemwoa mwanangu. Geuka nikuone."

Nikageuka. Alinitazama kama alivyolitazama ziwa, kipande kwa kipande: paji la uso, nyusi, mashavu, kidevu. Kwenye pua akakawia.

"Kumbe hii pua ya mjukuu wangu inatoka hapa," akasema.

Sikujua niweke wapi macho yangu, kwa hiyo nikamtazama na mimi. Yalikuwa macho ya mke wangu, yaleyale, moja likiwa limeshazimika. Nililia mbele ya mama mkwe wangu, na sikuona haya.