Mume Wetu Hajui Tulipo

Safari ile niliiamua mimi, na sitaki mtu aniambie eti nilikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, akili ninayo, na mdomo ndio usiseme.

Baba alikuwa dereva wa lori la ushirika. Mwaka uliofuata baada ya operesheni ya vijiji kutuleta Magamba, bosi wake alimruhusu atutembeze Jumamosi moja. Mafuta yalikuwa ya shida siku zile. Kwenye tangi yalikuwemo ya kwenda mahali pamoja tu, na kurudi, basi. Mama akaanza pilika kama tunaozesha binti: mihogo ichemshwe, kuku achinjwe, nguo za kanisani zipigwe pasi. Mimi nilishatangaza darasa zima kwamba tunakwenda Sitalike kutazama viboko mtoni.

Jumatano jioni Bibi, mama yake baba, akasema lake. Alikuwa anapeta ulezi.

"Mwanangu, nipeleke kule nyumbani nikamwambie mzee kwamba tumehama."

Nyumbani ni kijiji chetu cha zamani, njia ya Karema, na mzee ni babu yangu, aliyezikwa nyuma ya nyumba. Kwetu ukihama unakwenda kaburini na unga wa ulezi, unaunyunyiza, unamtajia marehemu mnakokwenda ili naye awafuate na kuwalinda. Sisi tulihamishwa asubuhi moja tu. Mgambo walisema pandeni, tukapanda, na nyumba zikachomwa tukiziangalia. Bibi alilia ateremshwe kidogo tu, nani wa kumsikiliza? Tangu hapo mtoto akiugua homa pale kwetu, Bibi alikuwa ananiita pembeni. "Mke mwenzangu," ndivyo alivyonitania siku zote, "mume wetu hajui tulipo. Yuko kule peke yake anatungoja." Nami nilicheka, mjinga mimi.

Baba alikuna kichwa. Mama, mtu wa rozari, akasema marehemu huombewa popote. Bibi akaendelea kupeta. Baba hakutaka kuchagua kati ya mama yake na mkewe, basi akafanya jambo ambalo sijamsamehe mpaka leo: aligeuka akaniuliza mimi.

"Haya, binti yangu, wewe unasemaje? Twende wapi?"

Nilimtazama Bibi. Ungo ulikuwa umetulia mikononi mwake. Nilijua kabisa anachotaka, nisijisingizie.

"Viboko," nikasema. "Kaburi si liko palepale? Tutakwenda siku nyingine."

Haki ya Mungu, Bibi alicheka. "Mke mwenza ana wivu huyu, hataki niende kwa mume!" Tukacheka wote, na shauri likaisha hivyo.

Jumamosi tukaenda. Viboko walikuwepo, wamejazana matopeni, wananuka, wanapiga miayo. Kabla hata mihogo haijaliwa nilikuwa nimeshawachoka. Bibi alibaki ndani ya lori, kifurushi cha unga mapajani. Kumbe alikuja nacho! Pengine alitumaini baba atabadili njia. Nilikiona, nikajifanya natazama mto.

Siku nyingine haikuja. Bosi alihamishwa, aliyemfuata hakutaka kusikia habari za kutembeza familia, na mvua za mwaka ule hazijakatika Bibi akafariki kwa homa. Tulimzika Magamba.

Nilipokuwa mtu mzima nilisaga ulezi, nikapanda gari la Karema, nikateremka pale baba aliponielekeza. Pori tupu! Miti imeota mpaka mahali palipokuwa jikoni, kama palikuwa jikoni. Baba hakuweza kunitajia alama ya kaburi; aliyekuwa akilipalilia kila mwaka na kulijua ni Bibi peke yake. Nilizunguka tangu asubuhi mpaka jua likanichoma utosi, nikiinama kwenye kila kichuguu. Nilikasirika, nikalia, nikajitukana.

Mwisho nikanyunyiza unga pale nilipokuwa nimesimama, nikasema kwa sauti: "Babu, tuko Magamba. Operesheni ilituchukua ghafla. Mke wako tumemlaza kule, nyuma ya shamba la mahindi, anakungoja. Mfuate."

Nilimweleza njia yote, kona kwa kona. Nani aliyemcheleweshea habari, hilo sikumwambia.