Bia ya Raphaël

Baa ile ya Masisi ilikuwa na nyingine mbili za kufanana nayo, moja Sake na nyingine Bweremana, zote za mfanyabiashara mmoja, zote zimepakwa buluu ileile. Ukiingia moja umeziingia zote. Athanase, mkulima wa maharagwe kutoka Nyabiondo, hakuwa amekanyaga hata moja mpaka mwaka 1954, na safari hiyo alitumwa na mkewe, Céline.

Usicheke. Céline hakuwa na utani. Mtoto wao Sidonie alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, muda mfupi baada ya kupewa maji ya ndizi na Raphaël, mdogo wake Athanase. Na Raphaël hakuonja kwanza. Kule milimani anayekupa kinywaji hutangulia kunywa mbele yako, uone kwamba hana sumu wala kinyongo. Muuguzi wa misheni alisema ni malaria. Majirani walisema yao, na Raphaël akahama, akapata kazi ya kuhudumia wateja baani. Sasa Athanase alitaka mdogo wake arudi nyumbani, na Céline alitoa sharti moja tu: Raphaël ampe kaka yake bia na aionje kwanza. Asipoonja, asirudi kamwe.

Baa haikumpendeza hata kidogo. Kiti cha chuma kilimuumiza mgongo, na gramafoni ilipigwa kwa sauti kubwa hata watu wakaacha kuzungumza. Kila mtu alikuwa ameinamia chupa yake kama mgonjwa na dawa. Kwao bia ya ndizi, kasiksi, hunywewa kwenye chungu kimoja kwa mirija mingi, na maneno huwa mengi kuliko bia.

Raphaël alikuja amekonda, amevaa aproni nyeupe. Alimsalimu kaka yake kwa sauti ya chini, akafungua chupa, akamimina. Kisha akasimama tu.

Athanase akamsogezea glasi.

“Onja, mudogo wangu.”

Raphaël akatazama kaunta, alikoketi mwenye baa. Mhudumu aliyegusa glasi ya mteja kwa mdomo alifukuzwa kazi palepale.

“Huku hatuonjaka, kaka. Chupa inafunguliwa mbele ya macho yako, njo desturi ya hapa.”

Athanase alipandwa na hasira. Kazi gani hii ya kumzidi ndugu? Lakini alipomwangalia usoni, aliona aibu. Tangu mazishi hakuwahi kumuuliza mdogo wake neno lolote. Aliwaachia majirani wamhukumu. Akaichukua glasi, akanywa. Bia ilikuwa chungu, nyepesi, yenye povu la kupanda puani, wala haikuikaribia kasiksi ya Céline. Akaimaliza yote. Raphaël alilia mbele ya wateja, bila kujificha.

Njia nzima ya kurudi Athanase alijizoeza uongo wa kumwambia mkewe. Alipofika, ukamshinda.

“Alionja?” Céline aliuliza.

“Hapana. Miye nilikunywa tu. Ni mudogo wangu.”

Jioni Céline alimtilia kasiksi kwenye kibuyu chake, kama siku zote tangu waoane, akakiweka mbele yake. Kisha, safari hii, akatoka nje bila kuonja.

Athanase alikishika kibuyu kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza akamwogopa mke wake.