Kichwa Juu Wakati wa Sala

"Kwani wewe ni mkubwa kuliko Mungu?" Baba mkubwa aliniuliza hivyo mbele ya ukoo mzima, Krismasi moja kule kijijini Uru. Leo nimesikia harufu ya mbege kwa jirani, pombe ya ndizi kama waliyokunywa wakubwa Krismasi ile, uso ukaniwaka kama siku ile.

Wote walikuwa wameinamisha vichwa kuombea chakula. Mimi nilikaza shingo, kwa sababu nikiinama jicho langu la kushoto lilikuwa linavimba na kutokeza nje, nikiinuka linarudi. Bibi tu ndiye aliyejua.

"Mwache mtoto," bibi alisema.

"Ainame!" baba mkubwa aliamuru.

Niliinama. Nilihisi jicho likijaa, zito. Binamu yangu aliyetoka Dar akapiga kelele, "Oneni, kama chura!" Watoto wakacheka. Baba mkubwa hakucheka. "Unaona? Mungu anakuonyesha," alisema, nami niliamini kwa miaka mingi, mimi ninayebishia kila kitu.

Nilikuwa chuoni daktari aliponitazama nikiinama, kisha akanionyesha picha za kichwa changu. Mfupa wa nyuma ya jicho una pengo nililozaliwa nalo, na mshipa uliotanuka hapo hujaa damu kila ninapoinama, hata nikiokota kalamu tu.