Zibe Maji

Juzi nilimkuta mtaalamu wa wadudu amechuchumaa nyuma ya nyumba yetu ya zamani, mtaa wa Waberi, akitafuta nyuki adimu ambao kila mmoja huchimba shimo lake na kuishi peke yake. Siku tatu hakuona hata mmoja.

Nikakumbuka alasiri moja ya kiangazi utotoni, harufu ya mkojo wa mbuzi, na mvumo mwembamba ukitoka ardhini. Tulikuwa wageni Garissa. Baba alikuwa mwalimu kutoka bara. Ayeyo, bibi wa Kisomali jirani yetu, alinipa birika lake la kutawadhia akanionyesha vishimo vya nyuki hao.

"Nyuki iko na kiu, mama. Zibe maji."

Sikujua bado kwamba kinywani mwake p hugeuka b, na kwamba alisema "zipe". Nikakoroga tope, nikaziba shimo moja baada ya jingine, kwa bidii. Nyuki wakarudi na chavua ya njano miguuni, wakatua, wakakwaruza, wasione mlango.

Ayeyo akashika kichwa. "Wallahi nilisema zibe!"

"Nimeziba, ayeyo."

"Uliwaona mwisho lini?" mtaalamu aliniuliza. Nikapiga magoti, nikaanza kukwaruza ardhi kwa kucha.