Siku Mlango Wetu Ulipovunjwa

Hapana, kwa hilo Mutua hanishindi, hata aseme mpaka kesho. Ati majirani wetu wa Ukunda walikuwa wambea tu, ati hukuweza kukaanga dagaa bila nyumba nzima kujua. Ndugu yangu aliyasema hayo huku akijaribu kufuli jipya mlangoni kwake, ta, ta, na sauti ile ikanirudisha utotoni. Yeye hakumbuki, alikuwa hata kusema vizuri hajajua. Basi acha niwaeleze nyinyi, maana yeye hana subira ya kusikiliza na mimi sina subira ya kumbembeleza.

Tulipanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili, vyumba huku na huku, ukumbi katikati. Vurugu za Likoni, watu wa bara walipofukuzwa pwani, zilikuwa zimepita juzijuzi na wenzetu wengi wa bara walikuwa wamerudi kwao. Mama alibaki, kwa sababu kazi ya kutandika vitanda hotelini Diani hakuipata kirahisi. Alibaki, akanunua kufuli. Kila asubuhi alituachia uji, ndoo ya kujisaidia, na amri moja: mtu akiita, nisijibu. Kisha anatufungia kwa nje, anaenda.

Katika chumba kilichotazamana na chetu alikaa Bi Mwanamisi, mama wa Kidigo, mwenyeji wa pwani, aliyeshona makuti ya kuezekea. Sikumpenda. Alishonea palepale ukumbini, karibu na mlango wetu, na mimi niliona anatuchunguza.

Siku moja Mutua alishikwa na homa mama akiwa ameshaondoka. Kufikia adhuhuri mwili wake ulikuwa unachoma kama karai lililo motoni. Alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akanyamaza, macho yakageuka. Nikabaki nimemshika tu, na amri ya mama kichwani.

"Mueni," Bi Mwanamisi akaniita kutoka nje. "Mbona mdogo wako kanyamaza?"

Sikujibu.

"Sikuulizi mambo ya mamako mie. Nauliza mtoto. Yu macho?"

"Hanitazami," nikasema.

Nikasikia nyayo zake zikienda, nikadhani ametuacha. Kumbe alifuata mchi wa kutwangia. Alilipiga komeo mpaka ubao ukapasuka, akaingia, akamfunga Mutua mgongoni kwa leso, akanishika mkono, tukaenda mbio mpaka zahanati, yeye miguu mitupu.

Mama aliporudi jioni alitukuta kwa Bi Mwanamisi, Mutua amelala mkekani.

"Nani alikupa ruhusa uvunje mlango wangu?"

"Shusha pumzi kwanza, mwanangu. Ni malaria. Kachomwa sindano, na uji kanywa." Bi Mwanamisi hakuacha kumpepea mtoto. "Mlango, fundi atakuja. Na usijisumbue kununua kufuli kubwa zaidi, mchi ninao."

Ukumbini mtu akacheka. Mama akataka kukasirika, ikamshinda. Akakaa mkekani na viatu vyake vya kazini, na hakuna aliyemwambia avue. Akamgusa Mutua kwenye paji la uso, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama kesho anaweza kutuacha pale.

"Na siku zote hizi wangoja nini?" Bi Mwanamisi akamwambia.

Ukubwani ndipo nilipoelewa. Mahali pazuri pa kushonea makuti ni uani, kwenye mwanga na upepo. Ukumbini kulikuwa giza na joto. Yule mama alijibana pale kwa ajili yetu, asikie kama tunacheka au tunalia. Na kama hakuwahi kubisha hodi kabla ya siku ile, ni kwa kuwa naye aliogopa. Baada ya vurugu zile, mwanamke wa bara angemdhania nini? Watu wazima wawili walikuwa wanaogopana, mlango mmoja katikati yao, na watoto tuko ndani. Leo mtu akiniambia huo ni umbea, simsikilizi.

Lakini siku ile sikuyajua yote hayo. Nilijua tu kwamba nimevunja amri na sikupigwa. Kabla sijalala nikaamua: asubuhi, mama akimaliza tu kuvaa, sitangoja kupelekwa. Nitambeba Mutua mwenyewe, nivuke ukumbi, nimpe Bi Mwanamisi shikamoo ya kusikika nyumba nzima.